Macho Yaliyokataa Kushuka

Mwaka 1955 mfanyabiashara mmoja wa Toronto, Kanada, mwenye umri wa miaka 52, alimwendea rafiki yake daktari akiwa na malalamiko yasiyo na kichwa wala miguu. Alikuwa akijikwaa ovyo, macho yalimsumbua, na kumbukumbu nayo ilikuwa imeanza kumponyoka kidogo kidogo. Rafiki huyo, J. Clifford Richardson, alikuwa bingwa wa magonjwa ya neva katika Hospitali Kuu ya Toronto. Mtu wa kazi yake husikia maneno ya namna hiyo kutwa: mgonjwa wa makamo, shughuli nyingi, pengine usingizi haumtoshi. Daktari mwingine angemwambia abadili miwani na apumzike.

Richardson alimfuatilia miaka minne. Katika muda huo shingo ya rafiki yake ilikakamaa ikavutwa nyuma, maneno yakawa mazito mdomoni, kumeza kukawa kazi, na fikra zikapungua kasi. Halafu macho. Hayakuwa na upofu wala mtoto wa jicho, wala mboni hazikuwa na kasoro. Yaligoma tu kupanda na kushuka. Ukimwambia mtu huyo atazame kulia, anatazama. Ukimwambia atazame sahani iliyo mbele yake, au kipandio cha ngazi anachotaka kukikanyaga, macho yanabaki palepale kama mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari hakuwa na jina la ugonjwa huo, kwa kuwa vitabu vyake havikuwa nalo. Alichokuwa nacho ni subira. Baada ya yule rafiki alianza kuwatambua wengine, mmoja mmoja, wenye shingo ileile na macho yaleyale, watu waliokuwa wamepewa majina ya magonjwa mengine, hasa ule wa Parkinson.

Toronto ilikuwa na bahati nyingine. Katika mji huohuo aliishi Jerzy Olszewski, mwanapatholojia Mpolandi aliyejifunza kazi ya kuchunguza ubongo huko Ujerumani, katika maabara ya mume na mke, Oskar na Cécile Vogt, kwenye Msitu Mweusi. Baada ya vita alihamia Kanada. Alipokuwa Montreal, yeye na Donald Baxter walifanya kazi ambayo wengi wangeiogopa: walilikata shina la ubongo wa binadamu vipande vyembamba kama karatasi, wakavitia rangi inayozifanya seli za neva zionekane kwenye hadubini, kisha wakachora kila kundi la seli, wakalipa mpaka na jina. Atlasi yao ilichapishwa mwaka 1954. Ilikuwa ramani kwelikweli, ila nchi yenyewe haikufika urefu wa sentimita 10.

Wa tatu alikuwa kijana, John Steele, daktari aliyekuwa bado katika mafunzo ya ubingwa. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya mafaili ya wagonjwa, kuwapima walio hai na kupitia slaidi za ubongo wa waliofariki. Juni 1963, katika mkutano wa wataalamu wa neva wa Marekani uliofanyika Atlantic City, watu hao watatu walieleza habari za wagonjwa 8. Aprili 1964 makala yao kamili, ikiwa sasa na wagonjwa 9, ilitoka katika jarida la Archives of Neurology. Olszewski hakuiona ikichapishwa. Alikuwa amefariki miezi michache kabla, mwaka huohuo.

Jina waliloupa ugonjwa huo ni gumu katika lugha yoyote. Ukilifungua kwa Kiswahili, maana yake ni kupooza kunakozidi siku hadi siku, ambako chanzo chake kiko juu ya viini vya neva. Madaktari hulifupisha kwa herufi tatu, PSP, na wengine huuita kwa majina ya wale watatu. Lakini maneno hayo matatu, "juu ya viini", ndiyo moyo wa habari yote, na inafaa kuyachambua polepole.

Macho ya binadamu huendeshwa na misuli sita kwa kila jicho. Misuli hiyo hupokea amri kutoka kwa neva tatu, na neva hizo zina vituo vyake, yaani viini, ndani ya shina la ubongo. Viwili kati ya vituo hivyo viko kwenye ubongo wa kati, sehemu ya juu kabisa ya shina. Cha tatu kiko chini yake kidogo. Mtu akipooza kwa sababu kiini chenyewe au neva yake imeharibika, jicho halisogei kwa njia yoyote ile. Hilo lilijulikana zamani.

Wagonjwa wa Richardson hawakuwa hivyo. Daktari akikishika kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili na kukiinua taratibu huku mgonjwa akikodolea kitu kimoja, macho yaleyale yaliyogoma yalishuka vizuri, kama ya mwanasesere. Misuli ilikuwa mizima. Neva zilikuwa nzima. Viini vilikuwa bado vinafanya kazi. Kilichokufa ni kile kinachopeleka amri kwenye viini.

Mtu wa pwani atalielewa jambo hili akifikiria jahazi. Mwenye chombo yuko nchi kavu. Huyo ni sehemu ya mbele ya ubongo, inayotaka kutazama hapa au pale. Amri zake hupita kwa nahodha, na nahodha ndiye anayewaambia mabaharia wavute kamba ipi. Nahodha akiugua, mwenye chombo atapiga kelele mpaka sauti imkauke na hakuna kamba itakayovutwa. Lakini wimbi likija likaliinamisha jahazi, mabaharia hukimbilia upande wa pili bila kungoja kuambiwa na mtu. Wimbi hilo, katika mwili, ni ishara ya usawa itokayo sikio la ndani, ambayo ina njia yake mwenyewe ya kufika kwenye viini vya macho. Daktari anapokiinua kichwa cha mgonjwa, anatikisa jahazi. Akiona mabaharia wanakimbia, anajua kwamba aliyelala ni nahodha.

Nahodha huyo alikuwa nani hasa? Hapo historia inarudi nyuma kisha inaruka mbele. Tangu mwaka 1883 Henri Parinaud, daktari wa macho mjini Paris, alikuwa ameeleza wagonjwa walioshindwa kupandisha na kushusha macho, na madaktari waliomfuata wakaelekeza kidole kwenye paa la ubongo wa kati. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikuwa ameacha jina lake kwenye kikundi kimoja cha seli za hapohapo. Hata hivyo kituo chenyewe kinachorusha macho juu na chini kwa kasi, kama unavyofanya sasa unapohama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hakikutambuliwa mpaka mwaka 1977, miaka 13 baada ya makala ya Toronto. Waliokitambua ni Jean Büttner-Ennever, Ulrich Büttner na wenzao, wakichunguza nyani walio macho. Ni punje ya seli iliyokaa ukingoni mwa juu wa ubongo wa kati, na jina lake la kitaalamu ni refu kuliko yenyewe.

Mwendo wa macho kwenda kulia na kushoto una nahodha mwingine, anayekaa chini zaidi, kwenye daraja la shina la ubongo. Ndiyo maana PSP huanza na juu na chini: ubongo wa kati ndio unaoliwa kwanza. Kulia na kushoto hufuata baadaye. Mara nyingi dalili ya mwanzo kabisa si kugoma kwa macho bali uzito wake. Bado yanashuka, lakini kama mtu ashukaye ngazi gizani.

Katika shina hilohilo Olszewski aliziona seli zikifa na nyingine zikiwa zimejaa mafundo ya nyuzi. Miaka mingi baadaye wataalamu walitambua kwamba mafundo hayo yametengenezwa na tau, protini ambayo katika seli nzima kazi yake ni kushikilia reli ambazo mizigo ya seli husafirishiwa. Tau ikijisokota, reli zinalegea na seli inakufa. Tau hiyohiyo iko pia kwenye ugonjwa wa Alzheimer, lakini umbo la msokoto na mahali unapoanzia ni tofauti. Eneo jingine linaloshambuliwa ni kikundi cha seli kilicho kati ya ubongo wa kati na daraja, kinachosaidia mtu kusimama na kutembea. Kikifa, mtu huanguka, tena huanguka chali, katika mwaka wa kwanza tu wa ugonjwa.

Kuanguka huko ndiko kunakomtofautisha mgonjwa wa PSP na wa Parkinson hata kwa asiye daktari. Wa Parkinson hutembea ameinama, kwa hatua fupi, kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Wa PSP hutembea amejinyoosha, shingo nyuma, macho wazi yasiyopepesa, na sarafu hata ikiwa miguuni pake haioni. Madaktari wa Ulaya walikuwa na dalili yao ya chumbani: tai chafu. Mtu aliyekuwa nadhifu maisha yake yote anaanza kuja hospitalini na mchuzi kwenye tai, maana hawezi kutazama kijiko kinakopita. Kwetu tai ingekuwa kifua cha kanzu. Jaribio jingine ni la kupiga makofi matatu. Mgonjwa akiambiwa apige matatu, hupiga manne, sita, kumi, mkono haujui kusimama. Na katika picha za MRI, ubongo wa kati uliosinyaa ukitazamwa kwa upande huonekana kama kichwa na mdomo mrefu wa kolibri, ndege mdogo wa Amerika anayefanana na chozi wetu. Mtaalamu wa picha akimwona ndege huyo, kalamu yake huwa nzito.

Je, ugonjwa huu ulizaliwa Toronto? La. Wanahistoria wa tiba wamepekua maandishi ya zamani na kuwaokota wagonjwa waliopotea. Katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, Jean-Martin Charcot alikuwa na mgonjwa wa "Parkinson" aliyenyooka shingo badala ya kuinama, na leo wengi wanamshuku kuwa wa PSP. Daktari mmoja Mwingereza alidai hata kumpata mgonjwa wa namna hiyo kwa mwandishi Charles Dickens: katika hadithi ya safari ambayo Dickens aliiandika pamoja na Wilkie Collins mwaka 1857, mna mzee mkavu, mzito wa usemi, mwenye macho yasiyofumba. Kumpima mtu wa hadithini ni mchezo wa madaktari wenye muda. Lakini hoja iliyo nyuma ya mchezo huo ni ya kweli: wagonjwa walikuwepo siku zote, na walikuwa wakizikwa na majina ya magonjwa mengine.

Hata baada ya 1964 waliendelea kukosewa. Dudley Moore, mchekeshaji na mpiga piano wa Uingereza aliyevuma Hollywood, alianza kusahau maneno ya mchezo na kuyumba mbele za watu. Minong'ono ikazagaa kwamba amelewa. Septemba 1999 alitangaza kwamba ana PSP, na Machi 2002 alifariki. Kati ya watu 100,000, wenye ugonjwa huu ni wapatao 6. Huanza kwa kawaida baada ya miaka 60, na kuanzia hapo mgonjwa huishi takriban miaka saba. Vidonge vya levodopa, vinavyowainua wengi wenye Parkinson, huwasaidia kidogo au haviwasaidii kabisa. Dawa ya kuusimamisha haijapatikana.

Basi kama ramani ilikuwa nzuri kiasi hicho, kwa nini chanzo hakikupatikana? Huyu hapa Steele tena. Katika miaka ya 1970 aliiacha Kanada akaenda kufanya udaktari Mikronesia, katika Bahari ya Pasifiki, na baadaye akahamia kisiwa cha Guam. Si kwamba alitaka kuvua samaki. Guam kulikuwa na kitendawili kilichofanana sana na chake.

Wenyeji wa Guam, Wachamorro, walikuwa na ugonjwa walioujua kwa majina mawili. Ukimkausha mtu misuli waliuita lytico. Ukimfanya awe mzito, mkakamavu na msahaulifu waliuita bodig. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1954 na Leonard Kurland na Donald Mulder zilionyesha kwamba aina ya kukausha misuli ilikuwa pale kati ya mara 50 na 100 zaidi kuliko Marekani bara. Kijiji cha Umatac, kusini mwa kisiwa, kilikuwa na familia zilizopoteza watu kizazi baada ya kizazi. Asao Hirano na wenzake walipouchunguza ubongo wa wenye bodig, mwaka 1961, walikuta mafundo ya nyuzi yaliyojaa tele, hata kwenye shina la ubongo. Steele aliwatazama wagonjwa hao machoni na akaona kwa baadhi yao kitu alichokijua tangu Toronto.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa chakula. Wachamorro walisaga unga kutokana na mbegu za fadang, mmea wa jamii ya saikadi, ambao mtu wa pwani yetu akiuona atasema ni mtapo. Kweli ni ndugu yake. Mbegu za saikadi zina sumu, na wenyeji walijua. Walizikata, wakaziloweka siku nyingi na kubadilisha maji tena na tena kabla ya kusaga. Wakati wa ukaliaji wa Wajapani, kuanzia 1941 hadi 1944, chakula kingine kilipokuwa haba, unga huo uliokoa watu. Mtaalamu wa lishe Marjorie Whiting aliishi nao akayaandika yote hayo katika miaka ya 1950. Mwaka 1987 mtafiti Peter Spencer alitangaza kwamba asidi moja itokayo kwenye mbegu hizo iliwaumiza nyani waliolishwa kwa wingi. Wakosoaji wakapiga hesabu: unga ulioloweshwa vyema umebaki na kiasi kidogo mno, mtu angelazimika kula magunia. Mwaka 2002 watafiti Paul Cox na Oliver Sacks wakaleta hoja ya popo, kwamba popo hula mbegu za saikadi, sumu ikajikusanya mwilini mwao, na Wachamorro huwala popo. Wengine wakashika madini ya maji na udongo, wengine urithi wa damu.

Wakati mabishano yakiendelea, ugonjwa wenyewe uliondoka polepole. Vizazi vilivyozaliwa baada ya mwanzo wa miaka ya 1950 viliepuka karibu vyote. Kesi ya fadang ilibaki bila hukumu kwa sababu washtaki waliishiwa na wagonjwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asione kuwa ni upuuzi kuushuku mlo. Sisi tuna konzo. Neno hilo lilitoka kwa Wayaka wa Kongo, na daktari Mwitalia Giovanni Trolli ndiye aliyeuandika ugonjwa huo mwaka 1938: mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza kama imefungwa kamba. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya elfu moja katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, mkoani Mara. Chanzo kilifahamika: muhogo mchungu uliotayarishwa haraka kuliko desturi, sayanidi ikabaki, na lishe ya protini haikuwepo ya kuusaidia mwili kuitoa. Konzo si PSP. Huja kwa ghafla na hauendelei, na njia ya neva inayoumia ni ile ishukayo kutoka ubongoni kwenda miguuni, wala hauwaachi watu na macho yaliyogoma. Lakini ulithibitisha kwamba jikoni panaweza kuvunja njia moja ya neva na kuiacha nyingine nzima. Baada ya hapo hakuna daktari aliyecheka tena mtu akisema tuangalie chungu.

Sasa tuvuke Atlantiki. Guadeloupe ni visiwa vya Karibi vilivyo sehemu ya Ufaransa, na hospitali yao kuu iko Pointe-à-Pitre. Kati ya Septemba 1996 na Agosti 1998, daktari Dominique Caparros-Lefebvre aliwapima wagonjwa 87 mfululizo waliokuwa na dalili za Parkinson. Mahali pengine duniani, wengi wao wangekuwa na Parkinson ya kawaida. Hapa waliokuwa nayo walikuwa 22 tu. Kati ya waliobaki, 31 walikuwa na PSP, 30 walikuwa na ugonjwa unaoikaribia bila kufanana nayo sawasawa, na 4 walikuwa na mchanganyiko wa dalili hizo na kukauka kwa misuli. Idadi hiyo ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba jarida la Lancet liliichapisha Julai 1999, yeye na Alexis Elbaz wakiwa waandishi.

Aliwauliza wanakula nini. Wakamtajia tunda lenye ngozi ya kijani na miiba laini, nyama nyeupe yenye ladha tamu na chachu, na chai ya majani yake inyweshwayo jioni ili usingizi uje. Ni stafeli.

Mstafeli ni mti wa Amerika ya tropiki, na Karibi ni nyumbani kwake. Huko watumwa na wajukuu wao waliufanya uwe tunda, juisi, dawa ya homa, dawa ya watoto wasiolala. Katika kundi la PSP, karibu wote walikuwa watumiaji wa miaka mingi, zaidi sana kuliko wale wasio wagonjwa waliolinganishwa nao. Topetope nalo, binamu wa stafeli, lilitajwa.

Wanakemia wakaingia kazini. Ndani ya mstafeli walikuta anonasini, kemikali inayoziba mlango wa kwanza katika mitambo ya kuzalisha nishati ndani ya seli. Hilo lilitisha kwa sababu tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba dawa chafu ya kulevya iliyowapooza vijana wachache huko California ilikuwa ikiziba mlango uleule. Panya waliotiwa anonasini kwenye mishipa ya damu walipoteza seli katika ubongo wa kati na kwingineko. Pierre Champy na wenzake walipima: tunda moja la wastani lina anonasini ya miligramu 15 hivi, kopo la juisi ya dukani, miligramu 36, kikombe cha chai ya majani, sehemu ya miligramu moja tu, yaani mikrogramu 140. Mtu anayekula tunda moja au kunywa kopo moja kila siku, baada ya mwaka mmoja atakuwa amemeza kiasi kinacholingana na kile kilichowaumiza panya.

Ungetegemea hukumu hapo. Haikuja. Panya walidungwa, hawakula. Tumbo na ini vina usemi wao. Uchunguzi wa baadaye wa timu ya Annie Lannuzel, bingwa wa neva hukohuko Guadeloupe, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kisiwani walikuwa na mambo ambayo PSP ya Toronto haina kwa kawaida, kama kuona vitu visivyokuwepo. Ingawa tau ilikutwa kwenye ubongo wa wachache waliochunguzwa baada ya kufa, huenda ulikuwa ugonjwa jirani na si uleule. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ufaransa ilisema kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kwamba stafeli ndilo chanzo.

Anayeandika haya ameisoma kesi hiyo akiwa na glasi ya juisi ya stafeli mezani, na ameinywa. Zanzibar, Pemba, Tanga na Mombasa stafeli ni tunda la msimu, la kijiko na la wageni, na mlaji wa namna hiyo hana sababu ya kulikimbia. Lakini katika miaka ya karibuni limegeuzwa dawa. Simu zetu zimejaa jumbe zinazodai kwamba majani na unga wa mstafeli huponya saratani, na watu hunywa asubuhi na jioni miezi na miezi. Tiba hiyo haijathibitishwa kwa binadamu. Shaka ya Guadeloupe, ingawa haijawa hukumu, inatosha kwa jambo moja: mwenye Parkinson au ugonjwa wowote wa neva asifanye stafeli kuwa dozi ya kila siku, na anayeuza unga wake asiseme hauna madhara.

Caparros-Lefebvre mwenyewe alirudi Ufaransa, na kitendawili kikamfuata. Akifanya kazi Wattrelos, mji wa kaskazini karibu na mpaka wa Ubelgiji, alianza kuona wagonjwa wa PSP wengi kupita kiasi. Mwaka 2015 aliripoti kwamba katika mji huo na jirani yake Leers wagonjwa walikuwa zaidi ya mara 12 ya matarajio. Hapakuwa na stafeli. Palikuwa na historia ndefu ya viwanda na ardhi iliyoachwa na mabaki ya kromati na fosfati. Kwa upande mwingine, wanajenetiki walikuwa wameonyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba umbo moja la jeni ya tau, kwenye kromosomu ya 17, huwaweka watu karibu zaidi na PSP. Ila umbo hilo limeenea mno, na wengi walio nalo huzeeka wakisoma magazeti bila shida.

Kwa hiyo miaka sitini baada ya Atlantic City, kazi ya yule mchora ramani imedumu kuliko za wote waliowinda chanzo. Olszewski hakuwa na nadharia ya chakula wala ya udongo. Alihesabu seli, akaonyesha zipi zimekufa na zipi zimebaki, na ramani yake ikamwezesha yeyote anayefuata kujua amesimama wapi. Hata hivyo ilikuwa na pengo. Ile punje ya seli inayorusha macho juu na chini haikuwa na mpaka wake katika atlasi ya 1954. Aliichungulia hadubinini kwenye ubongo wa wagonjwa bila kujua kwamba ndiyo nahodha anayemtafuta.

Toleo la tatu la atlasi hiyo lilitoka mwaka 2014, nusu karne baada ya kifo chake, likiwa bado na jina lake na la Baxter juu ya jalada. Waliolichora upya ni Anja Horn na Jean Büttner-Ennever, mwanamke yuleyule wa mwaka 1977, na safari hii punje hiyo imo.